Aliwasamehe wasiomwomba radhi: kisa cha Anthony Ray Hinton

Kisa cha Anthony Ray Hinton kimenifikia mara nyingi kwa njia ya mahubiri, na kila mara kimefika kikiwa kimepunguzwa. Mtu mweusi wa Alabama, Marekani, alifungwa bure karibu miaka 30, akatoka, akasamehe. Basi na wewe uliyekosewa na shemeji yako, samehe. Hakuna uongo humo, ila kilichodondoshwa njiani ndicho kinachokipa kisa uzito wake. Imedondoshwa Biblia iliyotupwa uvunguni mwa kitanda, yamedondoshwa maneno makali aliyoyatamka siku ya kutoka, na limedondoshwa deni ambalo jimbo lake lilikataa kulipa. Nataka kukipitia chote, kwa sababu naamini tunamkosea aliyedhulumiwa tunapomharakisha asamehe ili sisi tupumzike.

Mwaka 1985, mjini Birmingham, mameneja wawili wa migahawa waliuawa kwa risasi na jambazi aliyevamia usiku baada ya wateja kuondoka, mmoja mwezi Februari na mwingine mwanzoni mwa Julai. Kabla Julai haijaisha meneja wa tatu alivamiwa kwa mtindo uleule, akapigwa risasi, akanusurika. Katika kila tukio jambazi alifyatua risasi mbili, na zote sita zilipatikana. Huyu aliyenusurika alionyeshwa picha na polisi, akamtaja Hinton. Walimkuta akikata majani nyumbani kwa mama yake. Alikuwa na umri wa miaka 29. Wakachukua bastola ya zamani ya yule mama, wakaipeleka maabara, na wataalamu wa jimbo wakasema risasi zote sita zilitoka kwenye mtutu huo.

Usiku wa tukio la tatu Hinton alikuwa kazini, ndani ya ghala lililofungwa milango, umbali wa takriban maili 15 kutoka palipovamiwa, na jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye orodha ya walioingia zamu. Alipimwa kwa mashine ya kugundua uongo, akafaulu, na majibu hayo hayakuruhusiwa mahakamani. Kwenye mauaji yale mawili hapakuwa na alama ya kidole wala shahidi aliyemwona. Kesi nzima ikawa inaning'inia kwenye bastola moja. Hinton mwenyewe anasimulia kwamba baada ya kukamatwa, afisa mmoja wa polisi alimwambia kuwa kama alitenda au hakutenda si hoja, kwa kuwa yeye ni mweusi, aliyemtaja ni mzungu, mwendesha mashtaka atakuwa mzungu, jaji mzungu, na juri, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, ya wazungu.

Hapo kwenye bastola ndipo ninapoomba msomaji asikimbie.

Kama kesi imesimama juu ya risasi, basi mshtakiwa anahitaji mtaalamu wa silaha anayeweza kuziweka chini ya hadubini na kuwajibu wataalamu wa serikali. Hinton hakuwa na fedha. Wakili wake, ambaye alipangiwa na mahakama, aliomba msaada wa gharama, na jaji akampa dola 500 kwa kila shtaka, jumla dola 1,000, akiongeza kwamba hana hakika na kikomo chake na kwamba wakili akihitaji zaidi arudi kuomba. Wakili hakurudi. Aliamini dola 1,000 ndiyo mwisho wa sheria. Ukweli ni kwamba sheria ya Alabama ilikuwa imekwisha kubadilishwa Juni 1984, zaidi ya mwaka mmoja kabla Hinton hajakamatwa, na kikomo hicho kilikuwa kimefutwa. Ilitosha kufungua kitabu cha sheria.

Kwa fedha hizo alipatikana mtu mmoja tu aliyekubali kuja. Alikuwa na shahada ya uhandisi na uzoefu wa mizinga ya jeshini, na wakili mwenyewe alijua kwamba hana ujuzi unaotakiwa. Alipopanda kizimbani, mwendesha mashtaka alimuuliza kuhusu uoni wake, kisha akamuuliza ana macho mangapi. Akajibu: moja. Alikiri pia kwamba alipokwenda maabara alishindwa kuitumia hadubini mpaka aombe msaada. Alichokisema kuhusu risasi kilikuwa sahihi kabisa, kwamba haziwezi kuunganishwa na ile bastola. Lakini juri haikumwona mtu mkweli; ilimwona mzee mwenye jicho moja anayechekwa. Hinton akahukumiwa kifo mwishoni mwa mwaka 1986.

Nimekaa sana hapa kwa sababu watu wanapozungumzia kusamehe huwa wanamfikiria mkosaji mmoja mwenye uso: fulani alinifanyia hivi, nimemsamehe. Hapa fulani ni nani? Shahidi aliyekosea sura, mwenyewe akiwa majeruhi wa risasi? Wataalamu wa maabara waliosema wanaona wasichoweza kuona? Wakili mvivu? Mwendesha mashtaka, ambaye alipata kusema kwamba alijua huyu ni mwovu kwa kumtazama tu? Kila mmoja angeweza kurudi nyumbani jioni akala na wanawe bila kujiona muuaji. Dhuluma ya namna hii imegawanywa vipande vidogo vidogo kwa watu wengi hata hakuna anayehisi ameubeba mzigo. Anayeubeba wote ni mfungwa peke yake.

Alipelekwa gereza la Holman, karibu na mji wa Atmore, kusini mwa Alabama. Seli ilikuwa ya futi 5 kwa takriban 7. Chumba chenye kiti cha umeme kilikuwa karibu kiasi kwamba baada ya mtu kuuawa harufu ya nyama iliyoungua ilifika mpaka kwenye seli na kukaa. Katika miaka yake yote pale, watu 54 walitolewa kwenda kuuawa. Wafungwa walikuwa na desturi ya kugonga nondo za milango yao wakati mwenzao anapouawa, ili asikie mpaka mwisho kwamba hayuko peke yake. Nikifikiria mtu aliyesikia mgongano huo mara 54, huku akijua kwamba siku moja utagongwa kwa ajili yake, naona aibu kumtumia kama mfano wa kumnyamazisha mtu aliyeudhika.

Sasa tufike kwenye imani, na hapa ndipo mahubiri huruka. Hinton alilelewa Kibaptisti na mama aliyeamini kwa moyo wote kwamba Mungu hashindwi na mahakama. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alipofika Holman aliisukumia Biblia uvunguni mwa kitanda na kunyamaza. Kwa miaka 3 hakuzungumza na wafungwa wenzake wala na askari magereza. Sauti yake ilitoka siku za kutembelewa tu, kwa mama yake na kwa rafiki yake wa utotoni, ambaye aliendesha gari saa kadhaa kwenda kumwona na hakuacha kwa miaka yote karibu 30. Ukimya ule haukuwa wa sala. Ulikuwa ukimya wa mtu aliyejaa hasira, anayepanga kichwani namna ya kumuua aliyemfunga.

Kilichouvunja hakikuwa aya wala maono. Usiku mmoja alimsikia mfungwa wa seli nyingine akilia. Alijaribu kuziba masikio, akashindwa. Akauliza kuna nini. Yule mtu akasema amepata habari kwamba mama yake amefariki. Hinton, ambaye hakuna alichokiogopa kama kufiwa na mama yake akiwa ndani, akaanza kuzungumza naye kupitia nondo, na wakazungumza usiku huo. Anasema hapo ndipo alipogundua kwamba kuna vitu ambavyo jimbo la Alabama halikuweza kumnyang'anya, kama vile kumhurumia mtu. Biblia ikatoka uvunguni.

Naiona hatua hii kuwa kiini cha kisa chote, kuliko hata siku ya kuachiliwa. Imani ilimrudia kupitia msiba wa mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine huenda alikuwa ameua kweli. Kwenye kitengo cha waliohukumiwa kifo hauchagui majirani. Kabla hajamsamehe yeyote aliyemdhulumu yeye, Hinton alikuwa amekwisha kujifunza kukaa na watu waliowadhulumu wengine na kuwaona kuwa bado ni watu.

Mmoja wao alikuwa Henry Hays. Mwaka 1981, katika mji wa Mobile, Hays na mwenzake wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wanaowachukia weusi, walimteka Michael Donald, kijana mweusi wa miaka 19 ambaye hakuwa amemkosea mtu, wakamuua na kuuning'iniza mwili wake kwenye mti. Baba yake Hays alikuwa kiongozi katika kundi hilo, na chuki ile mtoto aliipata nyumbani, kama wengine wanavyopata lugha. Huyu ndiye aliyekuja kuwa rafiki wa Hinton. Hinton alipomwomba mkuu wa gereza ruhusa ya kuanzisha kikundi cha kusoma vitabu, Hays alikuwa miongoni mwa wachache waliokaa meza moja na weusi kuzungumzia walichosoma. Siku ya kutembelewa, Hays alimtambulisha Hinton kwa wazazi wake kama rafiki yake. Baba hakumpa mkono. Hays aliuawa kwenye kiti cha umeme Juni 1997, na Hinton anasimulia kwamba kabla ya kufa alisema watu aliofundishwa kuwachukia ndio waliomfundisha kupenda.

Hinton hakumsamehe Hays kifo cha Michael Donald. Hakuwa na haki hiyo, na sijasikia popote akidai anayo. Mwenye kusamehe damu ile ni mama wa kijana na jamaa zake. Alichompa Hays ni urafiki, na urafiki si msamaha, ingawa kwenye mimbari huchanganywa. Hata sisi nje ya gereza tuna tabia ya kusamehe kwa niaba ya watu wengine, na hasa kwa niaba ya waliokufa.

Kuna jambo jingine ambalo kwa wengi linaonekana haliendi na sura ya mcha Mungu mpole. Mawakili wa awali wa rufaa waliona ushindi ungekuwa kumwondolea adhabu ya kifo na kumpa kifungo cha maisha bila msamaha. Hinton alikataa. Aliona kuombewa kifungo cha maisha ni kukubali kwamba aliua, akaachana na wakili aliyetaka njia hiyo. Alikuwa tayari kukaa kwenye kiti cha umeme kuliko kuishi kwa jina la muuaji.

Msomaji wa Kiswahili, awe Mwislamu au Mkristo, anamjua mfungwa mwingine aliyefanana na huyu. Nabii Yusufu alitiwa gerezani kwa shtaka la uongo. Katika Mwanzo anamwambia mnyweshaji wa Farao amkumbuke atakapotoka, kwa kuwa hakufanya neno lolote la kumtia shimoni. Yaani aliamini Mungu na bado akatuma salamu kwa mwenye mamlaka. Katika Kurani, mfalme anapotuma mjumbe kumtoa, Yusufu anakataa kutoka kwanza. Anamrudisha mjumbe akaulize habari za wale wanawake waliojikata mikono, mpaka ukweli usemwe hadharani na mke wa mheshimiwa akiri. Ndipo anatoka. Sijui hoja nzito kuliko hiyo dhidi ya wanaosema kwamba mwenye imani hapaswi kupigania jina lake.

Msaada wa Hinton ulikuja kwa wakili Bryan Stevenson na shirika lake la Equal Justice Initiative, walioichukua kesi mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2002 walileta wataalamu watatu wa silaha, mmoja aliyewahi kufanya kazi hiyo FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, na wawili waliotoka kwenye maabara ya Dallas, Texas. Wote watatu walisema hakuna hata risasi moja kati ya sita inayoweza kuunganishwa na bastola ya mama Hinton. Mtu angetegemea milango ifunguliwe wiki ileile. Ilichukua miaka 13 zaidi. Maofisa wa jimbo waliombwa tena na tena waipime upya bastola, wakakataa. Mwezi Septemba wa mwaka huohuo wa 2002, mama yake Hinton alifariki. Alikuwa ameacha kwenda Holman kwa ugonjwa, na hakumwona mwanawe akiwa huru.

Tarehe 24 Februari 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, ilisema wakili kutojua sheria ya gharama kulikuwa kasoro kubwa ya utetezi, ikairudisha kesi Alabama. Ikaamriwa kesi isikilizwe upya. Waendesha mashtaka wakalazimika hatimaye kuwaambia wataalamu wao waipime ile bastola. Hao nao wakashindwa kuilinganisha na risasi. Mashtaka yakafutwa, na Hinton akatoka tarehe 3 Aprili 2015. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Alikuwa na miaka 58.

Mbele ya kamera siku ile alisema jua linawaka. Maneno hayo yanapendwa na hunukuliwa sana. Lakini alisema na mengine, akilia: kwamba walichotakiwa kufanya ni kuipima tu bastola, kwamba ukijiona uko juu ya sheria unadhani hakuna wa kukuuliza, na kwamba kila aliyeshiriki kumpeleka kwenye kifo atajibu mbele za Mungu. Katika mahojiano yaliyofuata alisema amewasamehe wote. Alisema pia kwamba ameishi jehanamu miaka 30 na hataki kufa aende jehanamu nyingine, kwa hiyo hana budi kusamehe. Akafafanua kwamba hakuwasamehe ili wao walale vizuri usiku, bali ili yeye alale.

Wapo wanaoona mgongano hapo: amesamehe, au anawatishia kwa Mungu? Mimi siuoni. Anayeamini kweli kwamba kuna hakimu asiyehitaji dola 1,000 wala shahidi anaweza kuliweka faili mezani kwake na kuondoka. Hajasema faili halina kitu. Imani ndiyo iliyompa mahali pa kuliweka. Bila hiyo angebaki nalo mkononi, na mkono huo ulikwisha kumchosha kwa miaka 3 ya ukimya.

Na lugha yetu ina tofauti ambayo inatusaidia hapa. Tunasema kusamehe kosa, na tunasema kusamehe deni, kama msamaha wa kodi, ambapo mdai anafuta hesabu. Tena tunao msamaha wa Rais, ambao hupewa mwenye hatia, ndiyo maana asiye na hatia akitolewa kwa msamaha huo huondoka bado ana doa. Hinton alisamehe kosa. Hakusamehe deni, na hakuomba asamehewe. Yusufu aliwaambia ndugu zake kwamba leo hakuna lawama juu yao, lakini ndugu hao walikuwa wamesimama mbele yake na wamekiri kwamba walikosa. Hinton hakupata hata hilo. Mwaka 2018 bado alikuwa akisema hadharani kwamba hakuna ofisa yeyote wa Alabama aliyemwomba radhi. Huwezi kumwia radhi mtu asiyekuja kuiomba. Unaweza tu kuacha kumbeba. Ndiyo maana siipendi methali ya yaliyopita si ndwele inapotumiwa kwa watu kama yeye. Methali hiyo ina sehemu ya pili, tugange yajayo, na mgonjwa wa kugangwa hapa ni mahakama.

Kuhusu deni: sheria ya Alabama inataja fidia ya dola 50,000 kwa kila mwaka mtu aliofungwa bila hatia. Kwa Hinton hesabu ingekaribia dola milioni moja na nusu. Miaka ilipita baada ya yeye kutoka bila kupewa hata senti. Amekuwa akisafiri kusimulia kisa chake na kudai adhabu ya kifo ifutwe, na hajawahi kusema kwamba kwa kuwa amesamehe basi jimbo halidaiwi.

Safari yake ya kwanza akiwa huru ilikuwa kwenda kaburini kwa mama yake. Usiku wa kwanza alishindwa kulala kitandani kwa kuwa chumba kilikuwa kikubwa mno, akaenda kulala sakafuni bafuni, mahali palipolingana na seli. Aliendelea kuamka saa tisa usiku, saa ambayo kule Holman kifungua kinywa kilikuwa kikiletwa. Na ameeleza kwamba kila siku huhakikisha kuna mtu aliyezungumza naye, hupita makusudi mbele ya kamera za maduka, na kila risiti anayopewa huiweka, ili siku wakija tena kumuuliza alikuwa wapi, awe na cha kuwaonyesha.